Tulifundishwa "kusoma" michoro ya watoto ili kugundua ukatili wa kingono. Kilichonikuta baada ya hapo

#1 Penseli Butu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri ambayo sitaitaja, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtoto asitambulike. Kiini nimekiacha kama kilivyo.

Miaka kadhaa nyuma tuliitwa kwenye mafunzo ya siku tatu. Ukumbi wenye kiyoyozi, chai ya saa nne, sambusa mbili mbili. Tulikuwa walimu wa shule za msingi, wauguzi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na sisi wa ustawi. Siku ya pili ikawa ya michoro: namna ya kumtambua mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono kwa kuangalia anachochora. Mwezeshaji alijua kuongea, ukumbi mzima ulimeza. Akatugawia karatasi yenye safu mbili, kushoto alama, kulia maana yake. Mtu asiye na mikono: mtoto anajiona hana uwezo. Mikono mikubwa: kuna anayemshika. Nyeusi na nyekundu zikizidi: hofu na hasira. Nyumba isiyo na mlango: kuna siri. Sehemu za siri zikichorwa: hapo hakuna mjadala, toa taarifa.

Ile karatasi niliipeleka steshenari wakaipiga laminesheni. Nilikuwa natembea nayo kwenye mkoba.

Muhula uliofuata mwalimu wa darasa la pili akanipigia simu. Kuna mvulana wa miaka minane kachora mwanamume na sehemu za siri, zimekolezwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake mtu mwingine ana kitu mkononi. Nikafika, nikatoa karatasi yangu, nikahesabu alama nne. Kisha nikamuuliza mtoto. Swali lenyewe nalikumbuka neno kwa neno: "Huyu ni anko, eti?"

Kwa nini anko? Kwa sababu mwalimu alishaninong'oneza kwamba mtoto anaishi na mjomba wake, dereva wa bodaboda, hajaoa. Mtoto akaangalia chini, akaitikia kwa kichwa. Watu wazima watatu wamemwinamia, angefanya nini kingine?

Mjomba alilala mahabusu siku mbili. Mtaani habari ilifika kabla yeye hajafika kituoni. Siku ya tatu muuguzi mmoja wa makamo, ambaye wala hakuhudhuria mafunzo yetu, alikaa na mtoto kwenye benchi la nje, akamrudishia mchoro wake, akamwambia, "Hebu nisimulie hii picha yako, mimi sikuwepo ulipokuwa unachora." Mtoto akasimulia kama mtu anayesimulia mechi. Likizo ya mwezi wa sita alipelekwa tohara na binamu yake. Mwenye kitu mkononi ni daktari. Nyekundu ni damu. Mjomba hayumo kwenye picha kabisa. Mjomba alikuwa nje, anamsubiri na soda.

Aliachiwa. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, ikawa imeshapewa mtu mwingine. Akahama mtaa. Mwalimu ananiambia yule mtoto siku hizi ukimpa karatasi anaandika namba tu.

Ninalo jingine, na hilo linaniuma zaidi. Nitaliweka nikirudi kutoka kazini.

#2 Kiti cha Nyuma

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ngoja waje wataalamu.

#3 Mkweli Daima

Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, lakini unapotosha umma. Yule mjomba siku mbili mahabusu hazikumuua. Kuna watoto wanaharibiwa kila siku na hakuna anayejua. Mimi nasema bora tushuku kumi tupate mmoja. Sasa walimu wakisoma uzi wako wataona mchoro wa ajabu wanyamaze, watasema "labda ni tohara". Hilo umelifikiria?

#4 Rangi za Maji

Mimi nimefundisha sanaa shule ya msingi miaka kumi na minne. Hiyo karatasi ya alama ningeiona ningecheka, kama isingekuwa inapeleka watu mahabusu.

Mtoto wa miaka mitatu au minne anachora kichwa, halafu miguu inatokea kwenye kidevu. Kiwiliwili hakuna. Darasani kwangu tunaita watu-kiazi, na wanachorwa hivyo dunia nzima. Mikono inakosekana kwa sababu mikono ni migumu kuichora, muulize hata mtu mzima. Akifika miaka mitano, sita, saba anaanza kuchora anachokijua, siyo anachokiona. Mfaransa mmoja, Luquet, alishaliandika hilo mwanzoni mwa karne iliyopita. Mama mjamzito anachorwa na mtoto anaonekana tumboni. Nyumba inaonekana ukuta na watu waliomo ndani kwa pamoja. Sketi inachorwa na miguu inaonekana ndani ya sketi. Sasa mpe mchoro huo mtu mwenye karatasi ya alama uone atakavyoruka.

Halafu rangi. Jamani, rangi! Kwenye darasa langu boksi la penseli za rangi ni moja kwa dawati la watoto wanne. Njano na bluu zinaisha wiki ya kwanza kwa sababu ya jua na bendera. Ikifika mwezi wa tatu imebaki nyeusi na kahawia, na kalamu nyekundu aliyoiokota ya mwalimu ya kusahihishia. Ukisema nyeusi ni hofu, basi darasa langu lote lina hofu kuanzia mwezi wa tatu mpaka likizo.

#5 Dogo Janja 09

Tuwekee basi huo mchoro tuuone wenyewe mkuu, maneno matupu hayatoshi.

#6 Penseli Butu

@Dogo Janja 09 hapana. Mchoro ni wa mtoto na umo kwenye faili lake. Hata ningekuwa nao kwenye simu nisingeuweka hapa, na wewe ukikutana na wa namna hiyo kwenye kundi la WhatsApp usiusambaze.

@Mkweli Daima hoja yako naiheshimu, na ndiyo niliyokuwa nayo mimi nilipoingia ile shule. Sasa nisikilize la pili.

Wilaya hiyo hiyo, shule nyingine, binti wa miaka kumi. Baada ya mafunzo tulipewa kazi ya kukusanya michoro ya familia, darasa zima. Wa kwake ulikuwa mzuri kuliko yote. Nyumba ina mlango, ina madirisha na mapazia. Jua linacheka. Baba, mama, wadogo zake, babu, wote wameshikana mikono, wana vidole vitano vitano. Maua ya njano. Nikaupitisha kwenye karatasi yangu, sikupata alama hata moja. Nikauweka kwenye rundo la "salama". Mwandiko wangu uko nyuma ya ule mchoro mpaka leo, neno "salama" na tarehe.

Miezi saba baadaye alipelekwa zahanati kwa maumivu ya tumbo. Muuguzi alimpa kitabu cha kupaka rangi wakati wanasubiri majibu. Mtoto huku anapaka rangi, bila kuinua macho, akaanza kusema. Sitaandika aliyoyasema. Aliyetajwa yumo kwenye ule mchoro, ameshikwa mkono, anacheka kama wengine. Ilikuwa inaendelea tangu kabla sijamchoresha.

Mkweli Daima, kanuni yako ya kushuku kumi upate mmoja huyu isingempata. Ile karatasi ilimpiga aliye salama ikamruka anayeumia. Na mimi niliyeishika nilikuwa na utulivu wa mtu anayejua anachofanya.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma, kwa hasira. Desturi ya kutafuta maana ya kila mstari kwenye mchoro wa mtu ni ya zamani, Karen Machover aliandika yake mwaka 1949, Koppitz akaja na orodha yake ya alama za kihisia mwaka 1968. Kuhusu ukatili wa kingono, utafiti unaotajwa sana ni wa Hibbard na wenzake, 1987, Marekani. Walichoresha watoto wa miaka 3 hadi 7, zaidi ya hamsini waliodaiwa kufanyiwa ukatili na idadi karibu sawa ambao hawakudaiwa. Waliochora sehemu za siri kundi la kwanza walikuwa watano. Kundi la pili mmoja. Ukitaka kuuza mafunzo utasema "unaona, mara nyingi zaidi!" Ukitaka kuwalinda watoto utauliza: na wale wengine wote wa kundi la kwanza, ambao hawakuchora sehemu za siri? Watafiti wenyewe walionya kwamba mchoro wa namna hiyo hauthibitishi, na kukosekana kwake hakuondoi shaka. Mwaka 2012 Allen na Tussey walikusanya tafiti zote zilizokuwa na kundi la kulinganishia, wakaangalia alama zote hizi za mikono, macho na vivuli. Hawakupata hata moja ya kuaminika kumtenganisha mtoto aliyeumizwa na ambaye hakuumizwa.

Ile karatasi yetu ilikuwa imechapwa baada ya hapo.

#7 Bi Tamima wa Kisauni

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, Mombasa. Yaliyosemwa na Penseli Butu nimeyaona kwa macho yangu, hata huku twazigawa hizo karatasi.

Naongeza hesabu kidogo. Uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Kenya mwaka 2010 ulikuta asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwenu Tanzania ule wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7. Sasa chukua darasa la watoto tisini, nusu wasichana. Ina maana kabla hawajafika miaka kumi na minane, wasichana kama kumi na watatu na wavulana kama sita watakuwa wamepitia hayo. Kumi na tisa! Waniambia utawapata kwa kuangalia nani kachora mlango na nani hakuchora?

Dalili zipo, lakini si za kwenye karatasi. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani aanze tena. Kutembea kwa shida, maumivu au uchafu sehemu za siri, maambukizi. Mwenye kujua mambo ya watu wazima kuliko umri wake, na si maneno tu ya kuokota kwa wenzake. Mwenye kukataa katakata kwenda kwa mtu mmoja, nyumba moja, duka moja. Mwenye zawadi na pesa zisizo na maelezo. Na wengi, wallahi, hawana hata moja katika hizo. Wanacheka, wanafaulu mtihani.

Na kitu kimoja nawaomba sana: saa 72. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa hizo, na mapema ni bora. Nimepokea watoto siku ya tano kwa sababu familia na walimu walikuwa "wanachunguza kwanza". Kwetu kuna fomu ya P3 ya polisi na ile ya huduma baada ya kubakwa ambayo hospitali hujaza. Mtoto aletwe, hizo karatasi zitamkuta hospitali.

#8 Mama Wawili

Nimesoma huku natetemeka kwa sababu wiki iliyopita mwanangu wa miaka sita alichora mtu ana mikono mikubwa kuliko kichwa, na mimi nilishawahi kuiona hiyo orodha imepostiwa Facebook. Sikulala. Nimeanza kumchunguza baba mdogo wake, jamani, Mungu anisamehe.

Nimefanya kama yule muuguzi wa benchi. Nimemwambia nisimulie picha yako. Kaniangalia kama mjinga. "Mama, huyu si Diarra? Amevaa glavu."

Golikipa wa Yanga. Na sisi nyumbani ni Simba, baba yake ndiyo kapata mshtuko.

#9 Kiti cha Nyuma

😂😂 Hapo dalili ya hatari ipo, mtoto wa Simba kumchora Diarra.

#10 Wakili wa Kijiweni

Nawarudisha kwenye sheria kidogo. Watu wanadhani mchoro ni ushahidi wa kumfunga mtu. Kwetu Tanzania, tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto wa miaka isiyozidi 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo kwa kuahidi kusema ukweli na si uongo. Na kwenye makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kutia hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu. Maana yake kinachobeba kesi ni maneno ya mtoto. Na maneno hayo ndiyo mnayoyaharibu mnapomuuliza "ni anko, eti?" Mimi nikiwa upande wa utetezi, hilo swali lako Penseli Butu ningelishukuru. Ningemwonyesha hakimu kwamba jina lilitoka kwa afisa, halikutoka kwa mtoto. Hata kama anko angekuwa na hatia kweli, ningemtoa.

Michoro imewahi kufika mahakamani, siyo hadithi. Delhi, India, mwaka 2017, binti wa miaka kama kumi alichora mwenyewe kesi ikiendelea, na jaji akaupokea mchoro pamoja na ushahidi wake, mjomba akatiwa hatiani. Angalieni neno "pamoja". Na miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2007, michoro 500 ya watoto wa Darfur waliokimbilia Chad ilipelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikapokewa kama ushahidi wa kuonyesha mazingira ya vita. Mia tano, na helikopta na nyumba zinazoungua zinajirudia. Mmoja, wa nyumba isiyo na mlango, ni kitu kingine.

Kwa walimu: mchoro ukiwatia shaka, tunza wenyewe halisi, usiandike juu yake kama mwenzetu alivyoandika "salama". Karatasi nyingine andika tarehe, saa, nani alikuwepo, ulimuuliza nini kwa maneno yako yale yale, na mtoto alijibu nini kwa maneno yake yale yale. Akisema "kidudu" andika kidudu. Usimtafsirie.

#11 Mkweli Daima

Sawa, nimewaelewa kwenye alama. Sasa tuambieni basi, hayo mafunzo yangekuwaje? Kulalamika ni rahisi.

#12 Penseli Butu

Swali la haki. Nitasema nilivyoona kwa wenzangu wanaofanya vizuri, siyo nadharia.

Ningeanza kwa kuondoa kile kipindi cha kutafsiri, siku nzima hiyo ningeitumia kufundisha midomo yetu. Watu wazima hatujui kumuuliza mtoto. Sisi tunamhoji, tunampa jibu ndani ya swali, na yeye kalelewa kumkubalia mkubwa. Tungekaa wawili wawili ukumbini tufanye mazoezi mpaka "nisimulie", "halafu ikawaje", "uliniambia kuhusu mlango, niambie zaidi" zitoke zenyewe bila kuwaza. Na tungefundishwa kunyamaza. Kunyamaza sekunde kumi mbele ya mtoto ni kazi ngumu kuliko kujaza fomu zote za ofisi yangu, jaribuni leo nyumbani.

Mchoro wenyewe sijautupa. Unafaa sana, ila kama yule muuguzi wa zahanati alivyoutumia: mikono ina kazi, macho yana pa kutazama, mtoto halazimiki kukukodolea. Katz na Hershkowitz, Israel, mwaka 2010, walilipima hilo kwa watoto 125 wa miaka 4 hadi 14 kwenye mahojiano ya kweli ya uchunguzi. Waliopewa nafasi ya kuchora katikati ya mahojiano kisha wakaombwa kusimulia tena walitoa maelezo mengi zaidi kuliko ambao hawakuchora. Wahojaji walisikiliza simulizi, hawakupima ukubwa wa mikono. Ila kuna pande mbili. Bruck na wenzake, mwaka 2000, waliwaonyesha watoto wadogo mazingaombwe, kisha wakawadokeza mambo ya kweli na ya uongo kuhusu onyesho lile. Kuchora kuliwasaidia kukumbuka ya kweli, lakini hakukuwazuia kuyabeba na ya uongo. Ukimwambia mtoto "mchore anko akikushika", umeshamtengenezea kumbukumbu.

Siku ya tatu ningeitumia kwa ile sehemu ambayo sisi tulimaliza kwa dakika ishirini kabla ya bahasha za posho: mtoto akishasema, nini kinafuata. Nani ana namba ya nani. Kwamba mwalimu si mpelelezi, akisikia vya kutosha kushuku anaacha kuuliza na kumpa taarifa afisa ustawi au Dawati, au anapiga 116, ni bure. Kwamba hospitali ni leo, kama kuna kituo cha Mkono kwa Mkono karibu ni hapo hapo polisi, ustawi na daktari chini ya paa moja, na dharura haisubiri PF3, ile fomu ya polisi. Kwamba usimwite mzazi mbele ya mtoto kabla hujajua kama mzazi ndiye.

Kwa waliouliza PM, kesi ya yule binti ipo mahakamani, imeahirishwa tena. Mjomba wa bodaboda nilimtafuta nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, akawasha pikipiki.

#13 Teacher wa Kanda ya Ziwa

Penseli Butu, nakuelewa, lakini wewe una ofisi na mlango. Mimi mtoto anaanza kuniambia kitu kama hicho kipindi cha hisabati, huku watoto 94 wanatazama. Nifanye nini hapo hapo? Usiniambie nimpeleke chumba cha ushauri nasaha, hatuna.

#14 Penseli Butu

Swali zuri kuliko yote humu. Usimkatishe na usimwambie "nyamaza, tutaongea baadaye" kwa sauti ya kumgombeza, anaweza asirudie tena. Inama, mwambie kwa sauti ya chini: "Nimekusikia. Ni jambo muhimu, nataka nikusikilize vizuri." Mtume kazi ya kuchukua chaki au kushika daftari zako, wape darasa zoezi, tokeni naye mpaka mahali mnapoonekana ila hamsikiki, chini ya mwembe panatosha. Muache aseme anachotaka kusema. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utamwambia. Mwambie hajakosea kusema, na kwamba kuna mtu mwingine mmoja ambaye kazi yake ni kusaidia. Usimwachie siku ipite, na kabla ya kengele ya kwenda nyumbani ujue anarudi kwa nani.

Ukirudi darasani andika kila neno ukiwa bado unalikumbuka.

#15 Teacher wa Kanda ya Ziwa

Mwembe upo. Asante mkuu. Hao 94 ni mkondo A tu, B wako 97.